Mzigo wa Jumapili ya Pasaka

Prado ilikuwa inaondoka.

Ursula aliiona kupitia bega la mtu aliyekuwa akipiga picha sangara. Rangi ya fedha. Vioo vyeusi. Matope mekundu hadi kwenye vitasa. Ilirudi kinyumenyume kati ya meza za wauza samaki wa Mwigobero, taratibu, kama haina haraka na mtu yeyote.

"Dada Ursula, nishikie begi," daktari Renatus alisema, macho yake kwenye simu. "Nataka nimpige kwa upande wa mdomo."

"Dokta, huyo samaki amekufa. Hatabadilika."

"Ndiyo uzuri wake!"

Prado ikageuza.

Ursula alimtupia rafiki yake Hilda lile begi na kukimbia. Hatua chache tu. Kiatu chake kilikanyaga magamba, mguu ukateleza, akashika meza ya mama mmoja na kuangusha beseni la samaki wa furu. Mama akapiga kelele. Ursula akaomba radhi huku akikimbia. Alipofika barabarani, lori la barafu lilikuwa limeziba njia nzima.

Lori lilipopita, barabara ilikuwa tupu.

"Wapi, sista?" aliuliza dereva wa bodaboda.

"Ile Prado imeelekea wapi?"

"Ipi?"

Ursula alifumba macho. Alitamani kupiga teke kitu chochote.

"Ulikuwa unakimbilia nini?" Hilda alimuuliza aliporudi.

"Nimeona mtu ninayemfahamu. Wa kazini."

"Wa bima? Hadi Ijumaa Kuu mnafukuzana?"

"Hadi Ijumaa Kuu."

Kwa Hilda na mume wake Ephraim, Ursula alikuwa ofisa wa bima. Waliamini hivyo tangu yeye na Hilda walipomaliza chuo, walikolala chumba kimoja na kugawana ndala. Hawakujua kwamba ndani ya mfuko wake wa vipodozi, chini ya mafuta ya nywele, kulikuwa na Glock 19. Hawakujua kwamba aliyeandikwa "Shangazi Tabitha" kwenye simu yake alikuwa mwanaume mwenye kipara, aliyeitwa Mhoja, aliyekaa ofisini Dar es Salaam na kuamua Ursula alale wapi na aamke lini.

Alikuwa ameomba likizo mara nyingi. Kila mara alinyimwa. Safari hii aliandika kwamba anataka kwenda Musoma kuwatembelea marafiki kwa Pasaka, na Mhoja akasaini siku hiyo hiyo.

"Kapumzike, mama," alimwambia. Hata alitabasamu.

Ursula alipaswa kushtuka palepale. Hakushtuka. Alinunua zawadi, akapanda ndege, akafika nyumbani kwa Hilda, Iringo, akalala kama mtoto.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu ujumbe wa Mhoja ukaingia.

"Mjomba amefika Musoma kufuata mzigo. Mtazame. Usimsaidie kubeba."

Chini yake, picha ya Prado.

Kwa lugha ya kazi maana yake ilikuwa moja. Adui yupo mjini. Kuna shehena. Fuata, angalia, toa taarifa.

Usiguse.

Jioni, Ephraim aliwatembeza mjini. Alikuwa mwalimu wa historia na alisubiri wageni kama watu wengine wanavyosubiri mshahara. Aliwapeleka Mwisenge, akawaonyesha shule aliyosoma Mwalimu alipokuwa mtoto. Aliwapandisha kwenye mawe kuangalia ziwa, akaeleza Wajerumani waliingia vipi na Waingereza walitoka vipi. Daktari Renatus aliuliza maswali kwa kila jiwe. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, daktari wa zahanati ya misheni kule rasini, pembeni mwa mji, aliyemtibu Gloria, binti wa Hilda, hadi wakawa ndugu. Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwao, na furaha yake haikuwa na breki.

Ursula alijitenga nyuma ya jiwe na kupiga simu.

"Mzigo gani?" aliuliza.

"Mzigo," Mhoja alijibu.

"Dhahabu? Pembe? Silaha?"

"Ukijua, utaangalia vibaya."

"Mkuu, niko hapa peke yangu. Sina gari. Sina timu. Niko na watalii watatu wanaopiga picha mawe."

"Ndiyo maana hakuna atakayekushuku. Mzigo utavuka Jumapili. Usiguse."

Simu ikakatika.

"Ursula!" Hilda aliita kutoka juu. "Njoo, tunapiga ya pamoja!"

*

Jumamosi waliondoka kwenda Butiama kwa Subaru Forester ya Ephraim, gari lililokohoa kwenye kila mlima. Hilda mbele. Ursula nyuma, kiwiko cha daktari kikiwa mbavuni mwake.

Daktari alikuwa anapakia picha kwenye status yake ya WhatsApp. Sangara. Shule. Mawe. Chini yake aliandika: "Leo Butiama, kesho Pasaka Bunda kwa shemeji Matrida! Mungu ni mwema."

"Unaweka kila kitu, dokta," Ursula alisema.

"Sijawahi kutembea, dada. Tangu nifike Tanzania niko ndani ya geti la misheni. Nilikuwaga naogopa barabara."

"Kwa nini?"

Alicheka kidogo, akaangalia nje. "Huko nyumbani nilikuwa daktari wa jeshi. Niliona mambo. Jumatano naenda Arusha kuyasema mahakamani. Nikasema kabla ya hapo, nami nile sikukuu kama watu."

Ursula alikuwa anaangalia kioo cha pembeni. Pikipiki. Noah. Basi la Tarime. Hakuna Prado. Maneno ya daktari yalimpita kama matangazo ya redio.

Makutano wakakunja kulia. Ephraim alianza hadithi ya Wazanaki.

Na Prado ilikuwa imeegeshwa getini Butiama.

Ursula aliganda. Haikuwa nyuma yao njia nzima. Shetani alikuwa ametangulia.

"Mtangulie," aliwaambia wenzake. "Kamba ya kiatu imefunguka."

Alichuchumaa nyuma ya Prado. Kutoka kwenye soksi alitoa kidude cheusi chenye sumaku, kidogo kuliko kiberiti. Mkono ukapita chini ya bampa.

Tik.

Kwenye simu yake, nukta nyekundu ilitokea juu ya ramani. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, Ursula alitabasamu.

Tabasamu halikudumu.

Walitoka kwenye kaburi la Mwalimu, wakiwa wamenyamaza kama watu wanavyonyamaza pale, pimbi wakiota jua juu ya mawe. Mtu akawajia. Kofia ya pama, shati la kitenge, rozari kwenye kifundo cha mkono. Sura ya katekista.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," waliitikia.

"Naona mnahangaika na picha. Leteni simu niwapige wote."

Daktari Renatus alimkabidhi simu kwa mikono miwili.

Ursula aliangalia mikono ya yule mtu. Haikuwa ya katekista. Kidole cha shahada kilikuwa na sugu, mahali ambapo kalamu haiachi sugu. Kwenye kiuno, shati lilituna kidogo upande wa kulia.

"Sogeeni. Mama, inua uso. Dokta, kaa katikati. Hivyohivyo."

Akapiga. Akarudisha simu. Kisha akatoa yake, Samsung mpya, akapiga tena. "Na mimi nibaki na ukumbusho. Pasaka njema."

Ursula alikuwa ameinamisha uso, lakini alijua amechelewa. Mtu ambaye yeye alitakiwa kumtazama ndiye aliyekuwa amemtazama yeye. Kwa ujeuri. Mbele ya kaburi.  Mkono wake ulitaka begi. Amri ikauzuia.

Yule mtu akaingia kwenye Prado, ikaondoka. Ursula akaenda nyuma ya choo cha wageni kupiga simu. Mtandao ulizunguka. Ukazunguka tena. Alipanda juu ya tofali.

"Amenipiga picha," alisema.

"Usijali. Hakuja kwa ajili yako."

"Unajuaje?"

Mhoja alifunga mlango upande wake.

"Fuata mzigo, Ursula."

"Niruhusu nimkamate hapa. Barabara ni moja tu."

"Usiguse."

"Natazama kitu nisichokijua, nisichoruhusiwa kukigusa, kwa miguu!"

"Ndiyo kazi," Mhoja alisema, na kukata.

Njia nzima ya kurudi Ursula alikuwa anaangalia simu. Hilda alimgeukia mara mbili. Mara ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Kama umetuchoka, sema."

"Sijawachoka."

"Tangu jana uko na simu. Dokta anakuongelesha, humjibu. Ephraim anaeleza, unaangalia nje. Umekuja kwetu kufanya nini, Ursula?"

Ephraim aliongeza sauti ya redio. Daktari aliangalia magoti yake.

Ursula aligeuza simu kifudifudi pajani.

*

Jumapili ya Pasaka, kanisa la Bunda lilijaa hadi nje. Daktari Renatus aliimba kwa sauti iliyofanya watoto wageuke kumwangalia. Ursula alisimama karibu naye, simu ndani ya kitabu cha nyimbo, akifuata nukta nyekundu.

Nukta ilikuwa Guta. Kwenye mwalo wa wavuvi, ukingoni kabisa mwa ziwa. Ilikaa pale wakati wa somo la kwanza, ikakaa wakati wa mahubiri, kisha ikaanza kurudi taratibu kuelekea Bunda.

Wameshusha mzigo, Ursula aliwaza. Wameuacha mwaloni.

Nyumbani kwa Matrida, dada yake Ephraim, ambako wangelala, pilau lilikuwa limeivishwa kwa sufuria mbili. Viti vya plastiki vilipangwa uani. Ursula alisubiri wote wakae.

"Natoka mara moja. Nanunua vocha."

"Vocha!" Hilda alisema. Hakusema kitu kingine. Uso wake ulitosha.

Ursula alichukua begi lake na kupanda bodaboda ya kwanza.

"Guta. Mwaloni. Kimbia."

Pikipiki ilipita mashamba ya pamba kwa kasi, vumbi likiingia mdomoni. Alikuwa anavunja amri na alijua. Lakini angalau angeona kwa macho yake. Dhahabu, bunduki, chochote. Alichoka kuangalia bampa.

Mwalo ulikuwa umepoa kwa sababu ya sikukuu. Wanawake wachache walikuwa wakianika dagaa kwenye mchanga. Boti moja tu ilikuwa majini, mita chache kutoka nchi kavu, na injini mpya ya Yamaha. Mchangani mbele yake, juu ya turubai, magunia.

Ursula hakuuliza mtu. Alitoa kisu cha Leatherman, akapasua gunia la kwanza.

Dagaa.

La pili. Dagaa.

Aliingiza mkono hadi begani katika la tatu, akachimba, akatoa konzi. Dagaa wadogo, wakavu, wasio na hatia, waliteleza kati ya vidole vyake.

"Dada! Una wazimu?"

Kijana mrefu mwenye kasia mkononi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mzigo uko wapi?" Ursula alimfokea. "Mzigo wa watu wa Prado!"

"Hayo magunia ni ya mama Wegesa! Wale hawana mzigo. Wana mgonjwa."

Ursula alisimama.

"Mgonjwa gani?"

Kijana alishusha kasia. Jina lake lilikuwa Ryoba, na boti ilikuwa yake. "Asubuhi wamenionyesha machela na mtungi wa hewa ndani ya gari. Wamesema ndugu yao ni daktari wa misheni, amepata kiharusi, wanampeleka kwao akafie nyumbani. Meli yao iko nje huko, nyuma ya Ukerewe. Mimi Pasaka sisafirigi, lakini nikaona ni huruma tu."

"Asubuhi walisema ameshaugua?"

"Ndiyo. Hajiwezi kabisa."

Asubuhi daktari wa misheni alikuwa kanisani akiimba kama tarumbeta.

Dokta, kaa katikati.

Hakuna mtu aliyemwambia yule wa kofia ya pama kwamba Renatus ni daktari. Na Prado haikutangulia Butiama kwa ushetani. Ilisoma status. Siku zote hizi Ursula aliamini anaifuata, wakati ilikuwa inafuata gari alilopanda yeye. Mzigo ulikuwa umekaa naye kiti cha nyuma, kiwiko ubavuni, ukimwongelesha habari za jeshi na Arusha.

Alitoa simu. Mtandao ulizunguka. "Haya," alinong'ona. "Haya, haya, haya!"

Nukta nyekundu ikatokea. Ilikuwa imesimama mlangoni kwa Matrida.

Akapiga.

"Uko wapi wewe?" Hilda aliwaka. "Chakula kimepoa, wifi amekasirika..."

"Dokta yuko wapi?"

"Nini?"

"Hilda, dokta!"

"Ametoka sasa hivi. Yule baba wa Butiama aliyetupiga picha, mke wake ameshikwa na uchungu ndani ya gari. Amemwomba dokta akamwangalie. Ameenda na kijiko mkononi, maskini."

Nukta ilianza kusogea. Ilishika barabara ya Guta.

Ursula alipiga namba ya Shangazi Tabitha. Safari hii hakujificha.

"Mzigo ni mtu."

Kimya.

"Ulijua?"

"Nilijua," Mhoja alisema.

"Ulijua ni rafiki wa rafiki zangu?"

"Kwa nini unafikiri nilikupa likizo?"

Ziwa lilikuwa limetulia. Mahali fulani kondoo alilia. 

"Sikiliza," Mhoja aliendelea. "Wale watatu ni wabebaji tu. Nataka wanaompokea. Tuna chombo kinasubiri nje ya Ukerewe. Waache wapakie. Tutawakamata wote majini."

"Na wakimtupa majini wakiwaona?"

"Ni hatari tuliyoipima."

"Mmempima nani? Mlimwuliza?"

"Ursula. Usiguse."

Alikata yeye. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alikata yeye.

"Ryoba," alisema. "Huyo mgonjwa sio mgonjwa. Wamemteka. Wanakwenda kumuua ili asitoe ushahidi."

Ryoba aliangalia boti yake, akamwangalia Ursula, akaangalia magunia yaliyopasuliwa. "Nitajuaje wewe ndiye msema kweli?"

"Subiri uone kama mgonjwa wao ana viatu vya kanisani."

Alipita majini hadi kwenye boti na kuchomoa mpira wa mafuta kwenye injini. Akarudi nao na kuuficha chini ya turubai. Kisha akaenda kwa mama ambaye Ryoba alimwonyesha, akigeuza dagaa, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu.

"Mama Wegesa, nimekuharibia magunia, nitakulipa. Naomba kanga yako. Na ukisikia napaza sauti, piga yowe."

"La nini?"

"La mwizi."

"Ameiba nini?"

"Mtu."

Mama Wegesa alifungua kanga kiunoni na kumpa. Hakuuliza tena.

*

Prado ilikuja polepole, kama gari la wafiwa.

Ursula alikuwa ameinama kati ya wanawake, kanga kichwani, mikono kwenye dagaa. Glock ilikuwa chini ya beseni. Aliwaona wakishuka. Yule wa kofia ya pama. Vijana wawili wenye vifua vipana. Walitoa machela. Juu yake mtu alikuwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni, barakoa ya hewa usoni, mikanda miwili juu ya mwili.

Blanketi lilikuwa fupi. Viatu vyeusi, vilivyong'arishwa kwa Pasaka, vilionekana mwishoni.

Ryoba aliviona. Alikaza mkono kwenye kasia.

"Injini iko tayari?" aliuliza wa kofia ya pama.

"Iko tayari, mzee," Ryoba alijibu, akapanda kwenye boti.

Vijana wawili waliinua machela na kuingia majini. Magotini. Mapajani. Kiunoni. Mikono yote minne ilikuwa imeshughulika.

Hapo ndipo Ursula alipokuwa anasubiri.

Alisimama. Kanga ikaanguka. Alitembea hadi ukingoni, Glock mbele yake, mikono miwili.

"Rudisheni mgonjwa nchi kavu. Taratibu. Nimekuwa na wikiendi mbaya sana, msinijaribu."

Vijana waliganda. Wa kofia ya pama, aliyekuwa majini kando ya machela, aligeuka bila haraka. Alimtambua. Akatabasamu kikatekista.

"Mama wa picha," alisema. "Uliinamisha uso. Nikasema huyu ana aibu."

"Mikono juu."

Mkono mmoja ulipanda. Mwingine ulishika ukingo wa machela.

"Amefungwa," alisema. "Hawezi kuogelea akiwa hana fahamu. Wewe piga. Mimi nitaanguka, na yeye atageuka nami. Au weka silaha chini, tuondoke, aishi siku mbili zaidi. Chagua."

Machela iliinama kidogo. Maji yaligusa sikio la Renatus.

Ursula hakuweka silaha chini. Hakupiga. Alijaza mapafu na kupaza sauti iliyobeba hasira yote ya siku tatu.

"Mwiziii! Wanaiba mtuuu!"

Mama Wegesa akapokea.

Lilikuwa yowe la watu wa Mara, la zamani, lile lililokuwa linatolewa ng'ombe wakichukuliwa. Lilipanda, likavunjika, likapanda tena. Wanawake wengine wakalidaka. Nyumba za nyuma ya mwalo zikafunguka. Watu walitoka na nguo za sikukuu, na fimbo, na mapanga, na mmoja na mwiko wa ugali. Walitoka kila upande. Na waliendelea kutoka.

Wa kofia ya pama aliangalia kundi lile, na tabasamu likamtoka.

"Washa!" alimfokea Ryoba.

Ryoba alivuta kamba. Yamaha ikakohoa. Akavuta tena. Kimya.

"Haina mafuta, mzee," Ryoba alisema kwa upole, na kumpiga kasia la bega.

Mtu yule alianguka. Lakini hakuachia.

Machela ikapinduka.

Ursula alikuwa ameshatupa bastola mchangani na kuruka. Maji yalikuwa ya matope, hakuona kitu. Alipapasa. Kiatu. Mguu. Mkanda wa kwanza, Leatherman ikaukata. Mkono ukamshika koo, mkono wenye rozari, ukambana. Aliuma. Aliuma kwa meno yote hadi mkono ukalegea. Mkanda wa pili ulikuwa chini, umebanwa na uzito wa mwili. Kifua chake kilikuwa kinawaka. Alikata, kisu kikateleza, alikata tena.

Ukaachia.

Alitokea juu akiwa amemkumbatia Renatus kwa kwapa. Mama Wegesa, maji hadi kifuani, alimpokea kama anapokea mtoto na kumburuta hadi mchangani. Akamgeuza kifudifudi na kumpiga mgongoni kwa kiganja kile kikubwa.

Mara moja. Mara mbili.

Daktari akakohoa maji, pilau na pumzi.

Nyuma yake, fimbo zilikuwa zimeshaanza kazi. Vijana wawili walikuwa wanalia. Wa kofia ya pama, bila kofia sasa, alikuwa amepiga magoti, damu puani, na mtu alikuwa ameinua jiwe.

Na Ursula, aliyetamani lile jiwe lishuke, ilibidi aokote bastola, apite katikati ya watu, na asimame mbele ya mtu aliyejaribu kumzamisha.

"Basi! Wananchi, basi! Huyu ataongea. Akifa hataongea."

"Wewe ni nani?" sauti iliuliza.

Alitoa kitambulisho kilicholowa. "Serikali."

"Serikali mlikuwa wapi muda wote?"

Hilo nalo lilikuwa swali zuri.

*

Polisi wa Bunda walifika, baada yao gari la wagonjwa, baada yake Land Cruiser isiyo na maandishi kutoka Mwanza. Daktari Renatus alikuwa amekaa, blanketi mabegani, macho mekundu. Dawa waliyomdunga ilikuwa bado inamlegeza ulimi.

"Yule mama," aliuliza. "Wa kujifungua?"

"Hakuwepo, dokta."

Alifikiri. Kisha akafunika uso kwa mikono na mabega yake yakatikisika. Ursula alichuchumaa mbele yake. Hakujua aweke mikono wapi.

"Utakwenda Arusha?" alimuuliza.

"Sasa ndiyo nitakwenda." Akafuta macho. "Simu yangu iko wapi?"

"Ziwani. Na iendelee kukaa huko."

Walimwingiza ndani ya Land Cruiser, wakafunga mlango. Simu ya Ursula, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa inastahimili maji, ililia.

"Meli imegeuza," Mhoja alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Yowe, video, mwalo mzima. Imegeuza na kutoweka. Mwaka mzima wa kazi, Ursula. Upande wa ng'ambo umeuharibu wote."

"Upande wa huku uko hai."

"Utaandika maelezo."

"Yatakuwa mafupi."

"Rudi Dar leo."

Ursula akageukia barabara. Akakata.

Kwenye barabara ya vumbi, karibu na magari, Subaru ilikuwa imesimama. Ephraim alikaa kwenye usukani, akiangalia mbele. Hilda alikuwa ameshuka. Alikuwa ameona kitambulisho kwenye video iliyowafikia Bunda. Alikuwa ameona bastola. Alimsubiri Ursula amfikie, akiwa ameshika begi la nguo la Ursula mkono mmoja.

"Bima," Hilda alisema.

"Hilda..."

"Harusi yangu. Ulikuja siku moja kabla, ukaondoka usiku uleule. Ilikuwa kazi?"

"Ilikuwa kazi."

"Ubatizo wa Gloria?"

Ursula aliangalia chini. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye gauni lake la Pasaka, yakichora matope kwenye vumbi.

"Nayo."

"Na safari hii tulikuwa nini? Chambo?"

"Sikujua. Nakuapia, safari hii nilikuja kwenu. Wao ndio walinituma, mimi nilikuja. Sijui nielezeje."

Hilda alisogea karibu. Kulikuwa na hasira usoni, na kulikuwa na kitu kingine chini ya hasira, kilichochoka zaidi.

"Usirudi nyumbani leo," alisema mwishowe. "Siwezi kukaa na wewe mezani leo. Nitakutukana mbele ya wifi."

"Sawa."

Hilda alimkabidhi begi. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa hotipoti kubwa lenye maua mekundu, akamsukumia kifuani kwa nguvu.

"Hujala. Hotipoti ni la mama mkwe. Utalirudisha mwenyewe, kwa mkono wako. Ukilituma kwa basi, tusijuane."

Akaingia garini. Subaru ikakohoa, ikaondoka.

Ofisa mmoja kijana alimkimbilia Ursula. "Afande, tuna nafasi kwenye gari la pili. Tumeambiwa tukufikishe uwanja wa ndege Mwanza."

"Waambie hamkuniona."

"Lakini simu yako inaita, afande."

Ilikuwa inaita. Shangazi Tabitha. Ursula aliikandamiza hadi ikazima, akaitupa ndani ya begi pamoja na Glock. Akaning'iniza begi begani, akakumbatia hotipoti lililokuwa bado na joto, na kuanza kutembea kwa miguu kuelekea Bunda, viatu vikitoa maji kila hatua.

Mbele kidogo, alikaa kwenye ukingo wa barabara, akafungua kifuniko. Hakukuwa na kijiko.

Alikula kwa mkono.